Nyuzi Tatu Zilizofichwa

Jumapili alasiri, Nunguni. Tumetoka kanisani na ukungu umerudi kama mgeni aliyesahau kofia. Mikono yangu inanuka mkonge. Nina furaha. Kinyongo pia ninacho kidogo, acha nikiandike kwanza kipungue.

Mimi ni fundi wa vyuma: milango, madirisha, mageti. Nilianza na mashine ya kukodi na hakuna aliyenishika mkono. Lakini kabla sijajua kuchomelea, nilijua kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Susu, nyanya yangu, alinifundisha nikiwa na miaka tisa, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuhesabu kila kitu, na kiondo ni hesabu tupu. Watu walipomcheka alisema Mungu hakosei nyumba akileta zawadi.

Huku kwetu kusuka ni kazi ya wanawake. Mwanamke husuka akienda sokoni, akiteka maji, akipiga porojo. Mimi nimesuka miaka kumi na moja mlango ukiwa umefungwa.

Nimechoka.

Sasa, jana ilikuwa ntheo yangu, siku ya kupeleka mbuzi kwa kina Mwende kule Kanyangi, ili mke wangu aitwe mke. Bwana harusi hajisemei. Baba hayuko, kwa hivyo msemaji alikuwa kaka yangu mkubwa, Musembi, na mbuzi wawili kati ya watatu wanaotakiwa walitoka kwa zizi lake. Shangazi ndiye alikuwa amesuka kiondo cha kumpa mama mkwe. Jumatano akakileta karibu alie: zile almasi za mchoro zilikataa kukutana.

Nikahesabu nyuzi za kusimama. Mia moja sabini na moja. Kila almasi inakula kumi na nne, kwa hivyo almasi kumi na mbili zinataka mia moja sitini na nane. Nyuzi tatu za ziada! Na watu wa Kanyangi husoma kiondo vile mwalimu husoma daftari.

Nikafumua hadi karibu na kitako, nikarudia. Ndani kulikuwa na giza, basi nikakaa nje.

Musembi akapita.

"Wewe, leso utaanza kuvaa lini?"

"Kaka, hesabu ilikuwa imekosea."

"Hesabu ni ya shangazi. Jumamosi wakiuliza, amesuka shangazi. Ukifungua huo mdomo, narudi nyumbani na mbuzi wangu."

Na huyu ndiye husimama kanisani kutuambia kila mtu atumie alichopewa na Mungu.

Jana basi. Mbuzi walikaguliwa meno na masikio, wakapita. Kikafika kiondo. Susu yake Mwende, bibi mwembamba wa macho makali, akakizungusha polepole akitafuta mahali mchoro unapoungana. Hakupaona. Akazungusha tena.

"Nani amesuka hiki?"

Musembi akakohoa. "Ni shangazi yetu, mama."

"Asante, shangazi. Hapa chini kuna nyuzi tatu zimefichwa. Nifundishe ulizifichaje."

Shangazi akaangalia viatu vyake.

Nilimwona Mwende mlangoni pa jikoni. Anajua kila kiondo nilichowahi kusuka, na hakuwahi kunicheka. Nikawahesabu wale mbuzi. Nikamwangalia tena Mwende.

"Ni mimi, susu. Nimesuka mimi."

Halafu mjomba mmoja wa upande wao akapasuka: "Kumbe tumepata mkwe na shangazi kwa bei ya mmoja!" Wanaume wakacheka mpaka viti vikalia. Musembi akasimama, akaelekea kwa kamba za mbuzi.

"Msemaji, keti," susu akamwambia. "Mbuzi wameshakula majani yetu. Hawana miguu ya kurudi." Kisha akanigeukia, kwa ule utani wa nyanya na mume wa mjukuu. "Na wewe mume wangu, njoo hapa. Wangu wa kwanza alijua kuvunja viti tu."

Akanipa mkonge. Uzi wa kiondo husokotwa kwa paja, na mimi nilikuwa na suti. Nikakunja suruali hadi gotini, nikasokota kwa mguu, mbele ya wakwe wote. Nywele za mguu zilinyofoka na kuniuma vibaya sana. Lakini nilimwonyesha: kila uzi wa ziada unashikwa na jirani yake, wanatembea pamoja kama uzi mmoja. Wanawake wakanizunguka. Hata yule mjomba akasogea na kuuliza kama geti pia nahesabu hivyo.

Nahesabu hivyo hivyo.

Kurudi, gari likafika Tawa. Hapo Musembi akaongea na dirisha: "Kiondo cha mke wangu kimekatika mkanda. Nitakuletea kukiwa na giza."

"Leta mchana, kaka. Mimi siku hizi nasukia nje."

Akapandisha kioo cha dirisha.

Kwa hivyo leo nimeketi mbele ya nyumba, barabara yote inaniona, na wawili tayari wamepiga mluzi. Nimewahesabu. Nimeamua mlango huu sitaufunga tena kwa sababu ya mkonge.

Ngoja. Kuna mtu anapanda huku akitoka kwenye ukungu. Ni Musembi. Hakuna mvua, lakini amefunika kitu kwa koti.

Naenda kumtolea kiti.