Ugonjwa wa Upande wa Baba

Dar es Salaam, 9 Machi 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mmeamkaje huko, na ulezi umekubali? Mimi nimeanza kupigwa mionzi. Haiumi. Unalala chini ya mashine, wote wanatoka, unabaki na mngurumo. Nikifumba macho naona ukungu unashuka Kaengesa, ng'ombe wanaingia humo mmoja mmoja, nami nawafuata kama sina miguu.

Daktari aliuliza nani mwingine katika ukoo aliugua titi. Nikamtaja bibi, mama yako, na marehemu dada yako Josefina. Akaweka kalamu chini. Anasema ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi wa maagizo. Hukatika kila siku, na mwili huuunga. Wengine huzaliwa na uungaji dhaifu. Makosa hurundikana mpaka chembe zinasahau kazi yao, ndiyo saratani. Mionzi huukata uzi huo makusudi: chembe zenye afya huuunga tena, za saratani hushindwa na kufa.

Udhaifu huo hurithiwa, Baba, hata kupitia mwanamume asiyeugua. Shangazi Hellena, mliyemtenga mkimwita mchawi baada ya kumzika Josefina, hakumroga mtu.

Mwanao,
Redempta


Kaengesa, 2 Aprili 1998

Mwanangu Redempta,

Marahaba. Tu wazima, mvua bado ipo. Pole kwa mashine, na ule vizuri. Habari za Hellena usiniandikie.

Baba yako,
Baltazari


Dar es Salaam, 20 Aprili 1998

Baba, shikamoo.

Ngozi ya kifuani imeungua, wanasema itapona. Nalala sana mchana. Jana niliota bibi anapepeta ulezi uani, makapi yanapaa hayashuki, na shangazi Hellena amesimama nje, hakuna anayemkaribisha. Nilimwita, sauti haikutoka.

Siandiki kukuudhi. Naye ni binti wa bibi, kama Josefina.

Mwanao,
Redempta


Kaengesa, 14 Juni 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kukujibu. Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kwa Hellena. Tangu msiba wa Josefina sikuwahi kukanyaga pale. Hakuuliza kilichonileta, alinitandikia mkeka. Nikamsomea barua zako. Nilipomaliza akasema, "Mimi ninacho kivimbe titini tangu Kwaresima. Sikuwa na wa kumwambia."

Hospitali ya Sumbawanga wametupa rufaa ya kuja huko Dar es Salaam. Alhamisi ya kwanza ya Julai tutapanda basi hadi Mbeya, kisha treni. Hajawahi kutoka huku kwetu Ufipa. Ananiuliza kama huko kuna baridi.

Ukituona stesheni, mwamkie yeye kwanza.

Baba yako,
Baltazari