Mguu wa Kushoto Ndani ya Kopo

Likombe, Jumatano

Mama hakutakiwa kusema. Mwanamke wa Kimakonde hamtaji aliye ndani ya kinyago cha lipiko, mcheza ngoma aliyefunikwa uso. Miaka yote baba alipocheza, yeye alisema ni mzimu tu.

Kopo hili niliwatengenezea wanafunzi wangu. Ni kopo la rangi lenye matundu membamba ubavuni, na ndani nimebandika picha kumi na mbili za hatua za lipiko. Ukilizungusha na kuchungulia, lipiko linacheza.

Nilitaka mchezaji awe baba. Lakini hatua zake zimenitoka kichwani, jambo linaloniudhi mpaka sasa, ikabidi nicheze mwenyewe uani, nijirekodi kwa simu, kisha nichore kutoka humo. Sikumwambia mtu.

Jioni mama alichungulia muda mrefu. Akasema, "Huyu baba yako."

Nikacheka. "Mama, mbona hilo halisemwi?"

"Sasa nimfichie nani, naye keshazikwa? Nilimjua siku zote, mwanangu. Ila umemchora alivyokuwa mwaka ule alioanza kuumwa. Tazama anavyouburuta mguu wa kushoto."

Sikukusudia kuchora mguu wa kuburuta. Nilifuatisha tu nilichokiona kwenye simu.

Baba alianza hivyo hivyo, na mguu. Mwaka uliofuata hakuweza kushika kijiko.

Sijamwambia mama ni nani aliyecheza. Nimetembea kutoka mlangoni hadi kitandani nikisikiliza kandambili zangu. Ya kulia inapiga sakafu. Ya kushoto inakwaruza.