Nati ya Kioo cha Kulia

Jumatatu, 14 Julai
Baridi kali. Pikipiki imekataa kuwaka mpaka mguu umechoka. Binti yangu Tekla kakaa mbele kwenye tangi kama kawaida, nimemshusha shuleni, nikaenda stendi kuchukua samaki waliopanda kutoka Kasanga. Migebuka wazuri leo. Sijatoka hata mjini, kioo cha kulia kikaanza kugonga. Kimelegea tena, na fundi Pius alikikaza Jumamosi mbele ya macho yangu. Tenga la samaki likishafungwa nyuma, hata nikigeuza shingo sioni barabara. Nategemea kioo tu. Leo kilinionyesha mawingu na kwapa langu, njia nzima mpaka gulioni.

Jumatano, 16 Julai
Pius ameweka washa mpya chini ya nati ya kioo. Amesema hii sasa mpaka iote kutu. Deo, mume wangu, alicheka nilipomweleza. Tangu aachishwe udereva anacheka vibaya. Anasema mwanamke juu ya pikipiki ni tangazo. Mama yake, tunayekaa naye, alicheka pia. Nikawapakulia ugali wa ulezi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeanguka. Barabara ya Laela, kioo kiliinama chote. Nilikwepa shimo kwenda kulia bila kuona kitu, kumbe lori la mahindi linanipita. Liligusa tenga. Nikatupwa mtaroni. Dereva hakusimama. Watu wakaja mbio, nikashukuru Mungu. Walikuwa wanakimbilia samaki. Mama mmoja alinivuka, mgebuka mkononi, akasema pole.
Goti limechanika. Jioni Deo alichemsha maji akanikanda, polepole, hajanikanda hivyo tangu Tekla azaliwe. Akasema, "Nilikwambia biashara hii itakuua." Nililia kwa kuona napendwa.

Jumapili, 20 Julai
Sijaenda kanisani, goti halikunjiki. Wenzangu wa nyumbani wamekwenda. Pius kapita kukaza kioo. Alipoondoka nilichukua rangi ya kucha, nyekundu, nikapiga mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye shina la kioo. Nati ikizunguka, mstari unakatika. Sijamwambia mtu. Naona aibu hata kuandika kwa nini.

Jumatatu, 21 Julai
Pikipiki haijatoka uani tangu Ijumaa. Asubuhi mstari umekatika. Nusu moja inanitazama mimi, nusu nyingine inatazama ukuta.
Geti lina kufuli. Tekla yuko darasa la tatu, hana nguvu hiyo. Mama mkwe vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Amebaki mmoja. Nimekaza mwenyewe, nimepaka mstari mwingine.

Jumanne, 22 Julai
Nimemwona. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, jua linazama. Deo kachuchumaa kando ya pikipiki, spana namba kumi na nne mkononi, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ndogo. Alipomaliza alikifuta kioo kwa mkono wa shati mpaka kikang'aa. Kulegeza nati ningeelewa, ni hasira. Kule kukifuta ndiko kulikoniua.
Nikatoka na mwiko. Nikamuuliza kama anataka nife.
"Nataka ukae nyumbani." Hakushtuka hata kidogo. "Ukivunjika mguu utakaa."
"Na Tekla ninayempakia kila asubuhi?"
Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. "Tekla mwepesi. Angeangukia majani."
Mama mkwe yuko mlangoni, kasikia yote. Akaniambia, "Mguu unapona, mwanangu. Ingia ndani, ugali unaungua."
Nawachukia. Wote wawili.

Alhamisi, 24 Julai
Niko kwa dada yangu Leokadia, upande wa pili wa mji. Pikipiki nimeondoka nayo, niliinunua kabla ya ndoa. Tekla sikuondoka naye. Bibi yake alimfungia chumbani, akasema mtoto haendi popote na mwanamke wa barabarani. Deo alikaa kwenye kigoda anakula muhogo. Nilimsikia mtoto analia mpaka injini ilipowaka. Baada ya hapo sikusikia tena, na nilifurahi kutosikia. Hivyo ndivyo nilivyo sasa.

Jumapili, 27 Julai
Akina mama wa jumuiya ya kanisa wamekuja. Nilidhani wanakuja kunipa pole. Deo kawaambia nina bwana Laela. Niliwaeleza habari ya nati, ya rangi ya kucha, ya lori, nikawaonyesha goti. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa dada, kwa nati ndogo hivyo unavunja nyumba?" Wengine wakatazama chini. Wakasali. Nikawafungia samaki kila mmoja, wakapokea. Sijui kwa nini niliwafungia. Najidharau.

Jumatano, 6 Agosti
Upepo umetulia. Nimemkuta Tekla barabarani anakwenda shule kwa miguu. Nikasimama.
"Shikamoo mama." Akabaki ng'ambo ya mtaro.
Nikamwambia apande. Akatikisa kichwa. "Baba kasema pikipiki yako inaua watu."
Nikazima injini. Nikaisukuma, na tenga lake la samaki, yeye ng'ambo, mimi huku. Nikamuuliza kanywa nini asubuhi. Uji. Tukaenda hivyo mpaka shuleni. Aliingia getini bila kukimbia.
Gulioni nimefika jua limepanda, samaki wameanza kulainika. Nimeuza nusu. Waliobaki dada kawakaanga. Nimekula, nimeshiba.