Geji Si Mbovu

Isiolo, Alhamisi

Eti geji ya petroli ni mbovu! Mume wangu Mwenda alirudia maneno hayo jana, kana kwamba alinioa juzi. Kila akitoka Ngaremara na hilo gari lake kuukuu la spoti, petroli imekaribia kwisha na kosa ni la geji.

Leo ameenda ofisini kwa miguu, ufunguo akauacha. Nikatumbukiza kijiti kwenye tangi: robo. Nikawasha swichi, mshale nao robo. Nikamimina petroli ya akiba, ukapanda vizuri.

Ngaremara ni hapo tu. Petroli inaenda wapi? Vita hivi, anayewauzia petroli waasi wa shifta akishikwa harudi nyumbani.

Jioni nimempakulia chakula kama kawaida.

Ee Mungu, iwe tu ni mwanamke.