Kwa Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, anayelinda frigo

Yaya,

Huku Lubumbashi baridi inauma na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye soksi. Mkutano wetu wa kinga ya mwili, ile inayoanzia mdomoni na matumboni, umejaa viti vitupu. Wenzangu wa maabara walikuwa wanifuate, lakini vita imefunga uwanja wa ndege wa huko kwetu nyuma yangu. Mchana mama anayetupakulia aliniwekea bukari moto, ugali wa huku, na samaki wa Kasenga, akaangalia viti vitupu vya meza yangu. "Benzako beko wapi, papa?" Nikamwambia wenzangu wamekwama huko vitani.

Jana nilieleza habari za yale mate ya watoto wachanga tuliyokusanya, jinsi maziwa ya mama yanavyowakinga na kuhara. Profesa mmoja, aliyesikia kwamba maabara yetu imeporwa, akauliza mate hayo yako wapi sasa. Nikasema, "Nyumbani kwa dada yangu, ndani ya frigo lake la barafu. Anawasha jenereta kila jioni ili yasiyeyuke." Ukumbi ukakupigia makofi, Yaya. Mimi nikashuka jukwaani nikikuwaza humo peke yako. Uliniambia mwenyewe, kabla simu haijakatika, kwamba majirani wote wamekimbia.

Kadi hii naipa mfanyabiashara wa Butembo anayerudi kwa barabara na kupita huko kwako. Ikikufikia, zima frigo. Acha mate yaoze. Mafuta yaliyobaki mpe mwenye pikipiki akupeleke kwa Mama. Watoto wengine watazaliwa, nitachukua mate mengine. Yaya mwingine sitampata.

Mdogo wako,
Baraka