Mkono wa Tsofa

Mji wa Kale,
Mombasa.
14 Oktoba 1996

Kwako dada yangu Dama,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji Ngumbao na watoto wote. Mguu wako unaendeleaje? Na mama, bado anaikataa miwani yake? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Jared yuko kazini reli kama kawaida, na anakusalimu. Korosho ulizompa Chirau zilifika, ahsante sana.

Umeniuliza ni masomo gani haya yasiyokwisha, na kama ni kweli nimeacha uuguzi nikawa mtu wa kukaa kitini kusikiliza maneno. Ni kweli, dada. Mwalimu wetu ni Bi Ketty, aliyeyasomea mambo haya Uingereza, na chumba chake kiko ghorofani Biashara Street, juu ya duka la kanga. Mgonjwa hujilaza kwenye kochi, nasi huketi nyuma ya kichwa chake asikotuona, naye aseme lolote linalomjia, hata la aibu, hata la upuuzi. Bi Ketty hutwambia kwamba kuna jambo mtu hulisukuma chini ya moyo mpaka mwenyewe asijue kama analo, nalo hutafuta pa kutokea, pengine kwa ndoto, pengine kwa maradhi. Mwanafunzi pia ni sharti alale kwenye kochi asikilizwe, la sivyo hafuzu. Lakini asisikilizwe na mwalimu wake mwenyewe, kwa hiyo mimi natakiwa niende kwa daktari mmoja Nairobi. Nimekuwa nikiahirisha tangu Aprili. Mara mvua, mara Jared ana mafua.

Nataka kukueleza habari za mgonjwa wangu wa kwanza. Nitamwita Tsofa, ingawa silo jina lake, maana ya chumbani hayatoki. Ni kuli wa bandarini Mbaraki, mtu wa makamo, mrefu. Alikuja mkono wake wa kulia umekufa ganzi kuanzia kifundo mpaka vidoleni. Hospitali walimpiga picha, wakamchoma sindano, wakasema mishipa ni mizima. Wenzake wakasema anakwepa kazi. Jambo lililomuuma zaidi ni chakula. Hakuweza kutia mkono wa kushoto katika sinia moja na watu, basi akawa anakula peke yake chumbani kwa kijiko, mlango umefungwa.

Kwa miezi alinizungumzia bei ya unga na jirani zake wa Majengo. Nilisikiliza. Halafu siku moja akataja mdogo wake, Gunga, kama mtu aliyejikwaa. Walikuwa wakipakua meli pamoja. Gunga aliteleza kwenye ngazi ya kushukia tumboni mwa meli, na Tsofa akamdaka kiganja kwa mkono huo wa kulia. Ulikuwa na grisi. Aliniambia alihisi vidole vya mdogo wake vikitoka kimoja kimoja. Mazishini hakulia, kwa sababu yeye ndiye mkubwa na watu walikuwa wakimtazama.

Alipokuwa akisema hayo, nikaona vidole vyake vinakunjika, vinashika kitambaa cha kochi. Akalia kwa sauti, mpaka cherehani ya fundi wa chini ikanyamaza. Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyasoma vitabuni, dada, na sasa yalikuwa mbele yangu. Mimi sikuhisi kitu. Nikatazama saa ukutani, nikasema pole.

Akageuza kichwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanitazama.

"Dada, wewe umefiwa?"

Tumefundishwa tusijibu maswali ya namna hiyo. Nikamuuliza kwa nini amewaza hivyo.

"Kwa sababu hiyo pole yako," akasema, "ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu watu matangani."

Alirudi mara nyingine. Mkono ulikuwa umeamka, lakini akasema sasa unamuuma usiku kucha, na kwamba afadhali ganzi. Hata hivyo alikuwa ameshakwenda kwa mjane wa Gunga, nyumba aliyokuwa akiipita mbali, na huko akala wali na watoto kwenye sinia.

Nilimweleza Bi Ketty yote, na swali lile pia. Nilidhani atanisifu. Badala yake akasema Tsofa atakuwa mgonjwa wake yeye kuanzia sasa, na mimi nisipokee mtu mwingine mpaka niende Nairobi. Alisema hanikasirikii. Nikamshukuru, nikashuka ngazi, nikanunua nyanya.

Tikiti ya treni ninayo, ya wiki ijayo. Lakini nisingependa mgeni awe wa kwanza kusikia, kwa hiyo naanza na wewe. Krismasi sikuja nyumbani nikasema nina zamu. Nilikuwa mjamzito, nikitaka kuwashtukiza Pasaka. Mwezi wa Machi nilijifungua kabla ya wakati. Alizaliwa kimya. Alikuwa wa kike, ana nywele, ana kucha. Jared na rafiki yake Musyoka walikwenda kumzika mimi ningali wodini. Jared aliona tusiwatie huzuni watu wa nyumbani, nami nikakubali. Jumatatu iliyofuata nilikuwa darasani. Nimekuwa nikingoja nilie, dada, kama mtu anavyongoja chafya.

Nilimpa jina lako. Hapa nyumbani hatulitamki. Ninapokuandikia tu, hukaa kwanza nikalitazama pale juu ya bahasha.

Usimwambie mama, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie kila anayeniulizia, na uuweke mguu huo juu ya kigoda unapokaa. Ukiweza kuja, njoo.

Mimi mdogo wako,
Sidi