Mpiga Mbizi Aliyeachiwa Jangwa

Mshauri wetu,

Mke wangu ameniambia leo asubuhi, akipiga pasi, kwamba mdogo wake hatakuja tena mezani Jumamosi, na kosa ni langu, kwa hiyo naomba unisikilize hadi mwisho. Tuko wanne tunaocheza mchezo wa kusimulia, mimi ndiye msimulizi, kila mmoja ana mhusika wake na dadu ndizo zinazoamua, na shemeji yangu huyo, fundi wa kuchomelea, alihamia kwetu ndoa yake ilipovunjika, na meza hiyo ndiyo mahali pekee nilipomsikia akicheka, basi nikataka awe na kitu chake peke yake, nikambunia mpiga mbizi anayepumua chini ya maji, huku rafiki yangu dereva wa lori, tunamwita Mzigo, nikimpa uwezo wa kugeuza kitu chochote kuwa kingine, maana sikuwa na wazo jingine. Hadithi ikaenda jangwani. Kila Jumamosi shemeji anakaa, zamu yake inapita, nami namwambia vumilia, maji yanakuja, na juzi nikayaleta, handaki limefurika hadi darini, akasogeza kiti mbele, na kabla hajafungua kinywa Mzigo akayageuza maji yote kuwa ukungu, akamwambia:

"Shemeji, bahari yako nimeikausha. Tupite."

Tukacheka, mimi wa kwanza. Yeye akakusanya dadu zake. "Mpiga mbizi wangu amezeeka akingoja maji," akasema, akaenda kuosha vyombo. Nafikiria kumwongezea mbawa na moto ili awe sawa na wengine. Je, atarudi?

Msimulizi

JIBU

Pole. Nia ilikuwa njema, lakini ulicheka, tena wa kwanza, na kicheko hicho hakirudi kinywani.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wewe ulimpa mtu mapezi ukamwachia jangwa. Mzigo ukampa ufunguo wa kila mlango kwa uvivu wako, bila kumwekea gharama, sasa unashangaa kazi za wenzake anazifanya yeye.

Mbawa na moto achana navyo. Utampata Mzigo wa pili, na mpiga mbizi hutamwona tena. Mzigo ageuze kitu kimoja tu kila mnapokutana, achague kwa uchungu. Mpiga mbizi abaki na maji yake, ila ustadi wake ufike nchi kavu: aliyezoea kina haogopi giza, na moshi haumzibi pumzi. Hata jangwani kuna visima, bwana.

Na jambo moja hukuliandika. Shemeji yako kutwa nzima anautazama ulimwengu kupitia kioo cheusi cha barakoa ya kuchomelea. Huenda alikuwa na mhusika wake kichwani. Ulimuuliza?

Alhamisi akitoka karakana, mpokee, mwombe radhi bila mzaha, kisha umuulize na unyamaze. Jumamosi wekeni viti vinne. Akisema bado, msicheze watatu. Subirini Jumamosi inayofuata.